Espresso ya mtaani: usage kwa umeme au kwa mkono?

Ukipita Mtopanga jioni humkosi muuza kahawa tungu, dele liko juu ya makaa, watu wako bechini wakipiga soga. Kahawa yake inachemka hadi ikolee, kwa hivyo hata unga ukiwa na chenga haimsumbui.

Espresso haina subira hiyo. Maji yanasukumwa kwenye unga kwa presha ya kama bar 9, na ndani ya sekunde 25 hadi 30 hivi kikombe kiwe tayari. Unga ukiwa na chenga, maji yanapita mbio na unakunywa kitu chachu. Ukiwa laini kupita kiasi, maji yanakwama na uchungu unakithiri.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Nilipoacha chuo, mamangu alinipa pesa ya zamu yake ya chama nianzishe kibanda. Nikakimbilia kisagio cha umeme cha visu, shilingi 2,500, nikajiona mjanja. Unga ukatoka nusu vumbi, nusu chenga. Visu vinakatakata, havisagi. Kilo nzima ya kahawa ya Nyeri ikaenda hivyo hivyo, na mama aliniangalia tu bila kusema kitu.

Kwa hivyo kabla hujauliza umeme au mkono, uliza visu au meno. Tafuta chenye meno, na hakikisha pengo la meno linarekebishika kidogo kidogo. Kwa espresso, hatua moja ndogo tu inabadilisha kikombe kizima.

Hapo sasa chagua. Cha mkono hakina mota, kwa hivyo pesa yako nyingi inaenda kwenye meno. Kwa bajeti ndogo, mara nyingi hiki ndicho kinachokupa unga mzuri zaidi. Lakini gramu 18 za espresso zinaweza kukuzungushia mkono dakika nzima. Ukiwa wewe na mgeni mmoja, sawa. Wateja kumi wakipanga foleni, bega litakwambia ukweli.

Cha umeme kinasaga kwa sekunde chache, na wewe unaendelea kuhudumia watu. Ila kizuri ni ghali, na tokeni inasoma.

Na usidanganywe na ile hoja ya stima kupotea. Kama mashine yako ya espresso ni ya umeme, giza likiingia unga wako utakuwa tayari lakini kahawa hakuna. Kisagio cha mkono kitakuokoa kama una mashine ya kubana kwa mkono, na maji unachemsha kwa gesi.

Mimi sasa nazungusha cha mkono, nauza vikombe vichache barazani jioni, na pesa ya mama narudisha pole pole. Cha umeme nitanunua siku foleni itakaponishinda. Wewe pia hesabu vikombe vyako kwanza, halafu ndio utoe pesa mfukoni.