Macho, Pua na Kope: Roboti Inavyosomwa Usoni

Roboti ya kiwandani haihitaji uso ili ipange maboksi. Hata hivyo Baxter, iliyoingia sokoni mwaka 2012 kutoka kampuni ya Rethink Robotics ya Boston, ilikuwa na skrini juu ya mikono yake miwili, na ndani ya skrini hiyo macho ya kuchorwa. Hayakuona kitu. Kazi yake ilikuwa kugeukia upande ambao mkono ulikuwa unataka kwenda, kabla haujaenda, ili mfanyakazi aliye karibu ajiondoe mapema. Hakuna aliyehitaji semina kuelewa. Kufuata macho ya mwenzetu tunaanza kabla hatujajua kutembea.

Sijaona sababu nzuri kuliko hiyo ya kuipa mashine uso: uso hutoa taarifa. Matatizo huanza pale uso unapotangaza mambo ambayo mashine yenyewe haina.

Mwaka 1970 Masahiro Mori, profesa wa uhandisi mjini Tokyo, aliandika makala fupi iliyokuja kuwa maarufu kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Alisema kadiri roboti inavyofanana na binadamu ndivyo tunavyoipenda, ila kwa kiasi. Ikikaribia mno kufanana naye bila kufika, mapenzi hayo huporomoka ghafla na mwili husisimka. Mporomoko huo aliuita bonde. Mfano wake haukuwa hata wa uso, ulikuwa wa mkono wa bandia: kwa mbali unadhani ni mkono wa mtu, kisha unaushika kumsalimia mwenyewe, unakuta ubaridi na ulegevu kama hauna mfupa. Mori aliongeza kwamba mwendo hulifanya bonde liwe na kina zaidi.

Kwa nini tushtuke? Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya kutopatana kwa dalili. Ayse Saygin na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwaweka watu ndani ya mashine ya MRI wakawaonyesha video za aina tatu: mwanamke halisi, roboti ya Kijapani iliyotengenezwa kwa sura yake, na roboti hiyohiyo iliyovuliwa ngozi, vyuma na nyaya nje. Binadamu anayejongea kibinadamu hakuusumbua ubongo, wala chuma kinachojongea kichuma. Kilichouhangaisha ni ngozi ya mtu juu ya mwendo wa chuma. Watafiti wengine wawili, Seyama na Nagayama, walikuta jambo la aina hiyo kwenye picha: macho yaliyokuzwa kupita kiasi hayakusumbua sana kwenye uso wa kikaragosi, lakini kwenye uso unaoonekana wa mtu halisi yalichukiza. Kwa hiyo tusiseme watu wanachukia roboti zenye sura mbaya. Wanachoshindwa kuvumilia ni sehemu moja ya uso kudai ubinadamu na nyingine kuukana.

Mbunifu afanye nini basi? Mwaka 2002 Carl DiSalvo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikusanya picha za vichwa 48 vya roboti, wakawauliza watu kipi kinafanana na binadamu na kwa kiasi gani. Ungetegemea macho yashinde. Badala yake vilivyobeba uzito mkubwa vilikuwa pua, kope na mdomo. Na kichwa kikiwa kipana kuliko urefu wake, ubinadamu ulipungua. Ndiyo maana naiona pua kuwa uamuzi mzito. Roboti hainusi, ukiiwekea pua umeiwekea kwa sababu ya mtazamaji tu, na mtazamaji ataidai deni.

Mbunifu wa roboti Takanori Shibata alilikwepa deni hilo kwa werevu. Akitafuta umbo la roboti ya kuliwaza wazee na wagonjwa, alijaribu paka na mbwa, lakini watu walilinganisha na paka na mbwa wanaowajua, wakakosoa. Akachagua mtoto wa sili, mnyama ambaye wengi hawajawahi kumpakata. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Paro, mwenye manyoya meupe na macho meusi makubwa, anayetumika katika nyumba za wazee Japani na kwingineko.

Sophia, roboti ya kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, imekwenda njia ya pili: ngozi, kope, meno, tabasamu. Oktoba 2017 Saudi Arabia ilitangaza kuipa uraia. Sidhani kama programu ileile ingepewa heshima hiyo ikiwa ndani ya kabati la chuma. Hapa uso haukuogopesha watu, uliwashawishi kupita kiasi, na hilo linanitia wasiwasi zaidi kuliko bonde la Mori.

Mei 2020 Rwanda ilipeleka katika vituo vya matibabu ya COVID-19 roboti zilizotengenezwa na Zora Bots ya Ubelgiji, kupima joto na kupeleka dawa na chakula. Zilikuwa za plastiki nyeupe, na zilipewa majina ya Kinyarwanda, miongoni mwake Akazuba, Ikizere na Ngabo. Wahudumu walikuwa wamejifunika barakoa na miwani ya kinga, kwa hiyo huenda kwa mgonjwa uso wa mashine ndio uliokuwa wazi kuliko nyuso zote wodini. Vichwa 48 vya Carnegie Mellon vilikuwa picha, vikitazamwa na watu wasiohitaji chochote kutoka kwavyo. Anayeletewa dawa kitandani anaangalia kwa macho mengine, na maswali ya kumuuliza huyo bado ni mengi kuliko tafiti zilizopo.