Kiwavi wa Mlimau Darasani

Katika madarasa mengi ya awali, somo la wanyama hufundishwa kwa bango la ukutani. Mwalimu anaelekeza fimbo kwenye picha ya simba, anauliza ana miguu mingapi, na darasa zima linaitikia, "Minne!" Wote wamejibu, na huenda hakuna hata mmoja aliyetazama. Mtoto wa miaka mitano hujifunza zaidi kwa mnyama mmoja aliye hai, anayekaa naye wiki kadhaa. Shule nyingi za Afrika Mashariki zinaye mnyama huyo uani, juu ya mlimau au mchungwa.

Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, Papilio demodocus kwa jina la kisayansi, hutaga mayai moja moja kwenye majani machanga ya miti hiyo. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua hugeuka kijani. Mtoto akimgusa taratibu kwa unyoya, nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Hapo mwalimu asieleze. Aulize, "Kwa nini amefanya hivyo?" kisha asubiri, na kila jibu lifuatiwe na swali moja tu: "Umejuaje?"

Makazi yake ni chupa kubwa ya maji iliyokatwa juu na kufunikwa kitambaa chepesi, kama kipande cha mtandio. Chandarua cha mbu hakifai, kwani vingi vimetiwa dawa inayoua wadudu. Tawi lisimame kwenye kichupa cha maji kilichozibwa mdomo kwa pamba, kiwavi asije akazama, na litoke kwenye mti usiopuliziwa dawa. Viwavi wenye manyoya waachwe huko huko nje. Wengine huwasha vibaya sana.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la uzi. Kila baada ya siku mbili, watoto hukata uzi wenye urefu sawa na wa kiwavi na kuubandika kwenye kipande cha boksi, mmoja kando ya mwingine. Sentimita hawazijui bado, lakini nyuzi zinaonyesha ukuaji, na mtoto asiyejua kusoma anausoma. Kiwavi hujivua ngozi mara nne kabla ya kuwa pupa, na kila inapokaribia hutulia na kuacha kula. Watoto watasema anaumwa. Waachwe waseme, kesho yake waione ngozi ya zamani.

Darasa likiwa na watoto themanini, chupa isizungushwe dawati kwa dawati. Kikundi kimoja kikae nayo mkekani, wengine wakifinyanga udongo, na kesho zamu ibadilike.

Pupa hujishikiza kijitini kwa uzi wa hariri na asisogezwe. Kwenye joto, kipepeo hutoka baada ya wiki mbili au tatu hivi, mabawa yakiwa yamekunjamana. Anahitaji nafasi ya kuning'inia hadi yakauke, ndipo aachiwe. Mara nyingine hatoki kipepeo, bali nyigu wadogo walioishi ndani ya pupa na kumla. Walimu wengi hutamani kulitupa ganda hilo kimya kimya. Nawasihi walioneshe, pamoja na tundu walilotokea.