Mfarishi: Cherehani ya nyumbani au mashine ya mkono mrefu?

MJINI Isiolo, takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, mlio wa cherehani ni sehemu ya sauti za soko. Mafundi hushona sare za shule, kanzu, madera na mapazia, na jioni huacha sakafuni rundo la vipande vya vitambaa.

Vipande hivyo ndivyo malighafi ya mfarishi, yaani blanketi la matabaka matatu: viraka vilivyounganishwa juu, pamba katikati na bitana chini. Isiolo kwenyewe jua huwaka, lakini mwendo mfupi kuelekea Meru na Nanyuki, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, baridi ya Julai huwafanya watu watafute kitu kizito cha kujifunikia. Soko, basi, si la kubuniwa.

Hata hivyo, kikundi cha akina mama kitakachotaka kuigeuza kazi hii kuwa biashara kitajikuta kwenye njia panda. Je, kitumie cherehani zilizopo nyumbani, au kikope fedha na kuagiza mashine ya mkono mrefu, ambayo wenye karakana za mifarishi huko Marekani wameitegemea kwa miongo kadhaa?

Ili kujibu swali hilo, yafaa kwanza kufahamu tofauti ya mashine hizi mbili.

Katika cherehani ya nyumbani, sindano hukaa mahali pamoja na kitambaa ndicho husogea. Meno madogo yaliyo chini ya sindano hukivuta, naye mshonaji hukiongoza kwa mikono. Kati ya sindano na shingo ya cherehani kwa kawaida huwa na nafasi ya sentimita 15 hadi 20 tu. Mfarishi wa kitanda kikubwa hulazimika kukunjwa na kusukumwa katika mwanya huo, na uzito wake huning'inia ukingoni mwa meza ukivuta mshono upande.

Mashine ya mkono mrefu hugeuza mambo. Mfarishi hutandazwa na kukazwa kwenye fremu yenye urefu wa mita tatu au zaidi, nayo mashine, yenye shingo ya sentimita 45 na kuendelea, huteleza juu ya reli ikiandika nakshi kama kalamu juu ya karatasi.

Fauka ya hayo, matabaka hayahitaji kupigwa bandi, kwa kuwa fremu yenyewe huyashika pamoja. Kwa mshonaji wa nyumbani, kupiga bandi ni kazi inayoweza kula nusu ya siku akiwa amepiga magoti sakafuni.

Lakini hesabu ya sindano yenyewe haitishi. Mfarishi wa mita mbili kwa mbili, ukishonwa mistari ya miraba kila baada ya sentimita 10, huhitaji mita 76 za mshono. Kwa mshono wa milimita tatu, hiyo ni mishono 25,000 na ushei.

Cherehani inayopiga mishono 600 kwa dakika itaimaliza kwa dakika 42 za sindano. Mashine inayopiga 1,800 itatumia dakika 14. Tofauti ni chini ya nusu saa. Kinachonunuliwa kwa fedha nyingi, kwa hivyo, si mshono bora bali ni nafuu ya kutobeba uzito.

Nafuu hiyo ina bei. Mashine ya kiwango cha kibiashara pamoja na fremu yake huuzwa ng'ambo kuanzia takriban dola 10,000, na nyingine hupita dola 30,000. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola moja, ile ya bei nafuu ni Sh1.3 milioni kabla ya usafiri na ushuru.

Iwapo kikundi kitabakiwa na faida ya Sh1,000 kwa kila mfarishi, kitahitaji kuuza mifarishi 1,300 ili kurejesha fedha hizo. Kwa mifarishi mitano kila wiki, hiyo ni miaka mitano, riba ikiwa haijahesabiwa.

Isitoshe, mashine hiyo huhitaji chumba kikubwa, fundi anayeifahamu na umeme usiokatika. Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipokosa umeme, cherehani ya miguu iliendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kuna mbinu zinazompa mshonaji wa nyumbani sehemu kubwa ya nafuu hiyo bila deni. Ya kwanza ni kuongeza meza ya pili nyuma na nyingine kushoto mwa cherehani ili zibebe uzito. Ya pili ni kuanza kushona katikati na kuelekea kingoni, ili mikunjo isukumwe nje.

Ya tatu, na iliyo bora kwa kikundi, ni kushona mraba mmoja mmoja ukiwa na pamba na bitana yake, kisha kuiunganisha yote mwishoni. Kila mwanachama hushonea kwake, na hakuna anayesukuma mzigo mzima isipokuwa katika hatua ya mwisho.

Hazina ya Wanawake iliyoundwa mwaka wa 2007 na ile ya Uwezo iliyofuata mwaka wa 2013 zilibuniwa ili kuwakopesha watu kama hawa. Mkopo, hata hivyo, hauleti wateja. Siku ambayo oda zitawazidi washonaji kwa miezi kadhaa mfululizo, ndipo mashine ya mkono mrefu itakapostahili kujadiliwa.

Kabla ya hapo, kununua mashine ni kujitwika deni kwa kutarajia kazi ambayo bado haijaonekana. Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba. Mfarishi nao hukamilika mraba kwa mraba.