Ukishinda Bila Kusema, Hujadurusu

Muhula wa tatu ukishaanza, pita karibu na shule za msingi za Ukambani, kati ya Wote na Kibwezi, au upande wa Kitui kule Mutomo na Kyuso. Marudio utayasikia kabla hujayaona: mwalimu anataja neno la Kiingereza, darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Kelele nyingi, kazi kidogo. Walimu waliochoshwa na kuitikiwa wamegeukia michezo, nami nawaunga mkono kwa sharti moja. Mchezo ambao mtoto anaweza kuushinda bila kutumia Kiingereza ni burudani, na uitwe burudani.

Mtoto wa shule hizi ni mwanagenzi hasa wa Kiingereza. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo, nayo vijijini Ukambani ni Kikamba. Kiingereza huwa somo tu. Akifika gredi ya 4, karibu kila somo lageuka Kiingereza, na gredi ya 6 anakutana na KPSEA, tathmini iliyoanza mwaka 2022, ambamo hata swali la sayansi linataka kwanza aelewe anaulizwa nini.

Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulitabasamia. Waliwapa wanachuo wa Marekani maneno 40 ya Kiswahili, "mashua" likiwemo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Kila neno lilisomwa hadi likakumbukwa mara moja. Kuanzia hapo baadhi waliendelea kupimwa kwa maneno yote, na wengine wakawa wanayasoma tena bila kupimwa kwa yale waliyokwisha kuyapata. Wiki moja baadaye, waliozidi kupimwa walikumbuka takriban asilimia 80. Wale wengine waliambulia kama theluthi moja. Cha ajabu ni kwamba makundi yote yalikuwa yametabiri kukumbuka nusu hivi: aliyesoma tu hakuhisi kuwa amepungukiwa. Hao walikuwa watu wazima, ndiyo, lakini funzo linamfaa mwalimu wa gredi ya 4. Neno hukaa kwa kutolewa kichwani, na mchezo mzuri ni njia ya kumfanya mtoto alitoe mara nyingi bila kununa.

Chukua kadi nane zilizokatwa kwenye katoni, zichorwe kwa jozi zinazotofautiana kwa jambo moja tu, kwa mfano: mvulana anachunga mbuzi, msichana anachunga mbuzi, mwanamume anapakia maembe kwenye bodaboda, mwanamke anapakia maembe kwenye bodaboda. Watoto wanne wanazizunguka. Mmoja anachagua kadi moyoni, anaitungia sentensi, na wenzake wanaweka visoda juu ya kadi wanayodhani ndiyo. Sasa, Kikamba kama Kiswahili hakibagui mume na mke katika kitenzi, ndiyo maana utamsikia mtoto akimwita mama yake "he" mwaka baada ya mwaka, hata akirekebishwa kila siku. Hapa akisema "he" huku akimwaza msichana, visoda vitatu vinatua kwa mvulana. Anapinga papo hapo: "No, she!" Hakuna aliyemkosoa. Sentensi yake mwenyewe ndiyo iliyompeleka pabaya, akaigeuza ili aeleweke.

Linganisha na mchezo wa maswali unaopendwa sana, ule wa darasa kugawanywa pande mbili na anayekosea kuketi. Unachangamsha, lakini mtoto anayehitaji zamu nyingi ndiye wa kwanza kunyimwa zamu. Darasa likiwa na watoto 50, mmoja anajibu na 49 wanasubiri. Katika vikundi vya wanne, kila mmoja atakuwa amesema Kiingereza ndani ya dakika chache, hata yule wa dawati la nyuma.

Mtihani wenyewe wa KPSEA ni wa kuchagua jibu, na hilo nalo huchezeka. Kipe kikundi sentensi yenye pengo: "Yesterday Mutua ___ to the market." Kazi yao si kujaza pengo tu, bali pia kutunga majibu matatu ya uongo yatakayowanasa wapinzani. Watabishana. Mtoto anayegundua kwamba "goed" haitamdanganya mtu lakini "gone" itamnasa hata mjanja, huyo kitenzi amekijua, na chambo cha watunga mitihani hakitamsumbua sana.

Ratiba inataka akili pia. Miaka ya karibuni KPSEA imefanyika kuelekea mwisho wa Oktoba, na kwa Wakamba huo ndio wakati wa mvua ya vuli, ile inayotegemewa kuliko ya masika. Kabla yake kuna shamba la kutayarisha, na mikono midogo hutegemewa. Kwa hiyo usingoje muhula wa tatu. Dakika kumi kila siku tangu muhula wa pili zinatosha, kadi zilizokosewa Jumanne zikitengwa ili zirudi Ijumaa, kisha wiki inayofuata. Wiki mbili za mwisho visoda viwekwe kando. Watoto waketi mmoja mmoja na karatasi za miaka iliyopita, kimya, saa ikiwa ubaoni, kwa sababu kufanya mtihani kimya nako kunahitaji mazoezi.