Mbwa Wako Akimuuma Mtu, Mzigo Ni Wako

Sisi wa kando ya ziwa tunawajua vizuri mbwa wa mwaloni. Asubuhi mitumbwi ikifika Katonga, nao wapo. Wanagombea vichwa vya samaki. Wanapita juu ya dagaa walioanikwa, na akina mama wanawafukuza kwa mawe. Wengi wa mbwa hao wana wenyewe. Lakini siku mmoja akimuuma mtoto, utasikia kila mtu anasema, "Huyo si wangu."

Leo tunaeleza la kufanya mtu akiumwa na mbwa, na sheria inavyosema juu ya mwenye mbwa. Tunaanza na jeraha. Kesi inaweza kungoja, jeraha haliwezi.

JERAHA KWANZA

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, tena mtoto atalia. Vumilieni. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa kopo na mwingine aoshe. Usipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala tumbaku, wala majivu. Usilifunge jeraha kwa nguvu. Kisha nendeni zahanati siku ile ile, hata kama ni mkwaruzo mdogo tu uliotoa damu.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Vijidudu vyake vimo katika mate ya mbwa mgonjwa. Vikiingia jerahani havikimbii. Hutambaa polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa wiki chache, inaweza kuwa mwaka. Kumbe katika muda huo mtu anajiona mzima kabisa, na jeraha limekwisha pona! Huo ndio wakati wa kumwokoa. Dalili zikishatokea, yaani homa, kushtuka, koo kukaza na kuogopa maji, hakuna dawa. Karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kati ya kila kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, wataalamu wamekadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka.

Chanjo ya kumkinga aliyeumwa ilianza zamani. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885. Wazee wengi wanaogopa kwa sababu walisikia habari za sindano nyingi za tumboni. Siku hizi sivyo. Mtu mzima huchomwa begani, mtoto mdogo pajani, na sindano ni chache, zimepangwa kwa tarehe. Mganga atakuandikia tarehe hizo. Usiruke hata moja. Si kila zahanati ina chanjo hii, kwa hiyo ukifika uliza mara moja inapatikana wapi, hata ikibidi kwenda mpaka Hospitali ya Mkoa ya Maweni.

Sasa je, mbwa tumfanye nini? Watu hukimbilia marungu. Tunasema, ngojeni. Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote 10, basi alipouma hakuwa na kichaa katika mate yake, na mganga anaweza kusimamisha sindano. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aanze matibabu. Aanze leo. Mbwa akifa, msimshike kwa mikono mitupu wala msimtupe ziwani. Mwiteni bwana mifugo. Kichwa cha mbwa huyo kinaweza kupimwa na wataalamu.

SHERIA INASEMAJE?

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 233, inahusu watu wanaofanya mambo kwa uzembe wa kuhatarisha wengine. Humo ametajwa dereva mzembe, ametajwa anayechezea moto, na ametajwa pia mtu mwenye mnyama ambaye hakuchukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kutokea. Mwenye mbwa mkali amewekwa pamoja na dereva mzembe! Tena mahakama ikimwona mtu ana hatia inaweza kumwamuru amlipe fidia yule aliyedhurika. Mbali na hiyo, aliyeumwa anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai.

Katika madai, swali kubwa huwa hili: je, mwenye mbwa alijua kwamba mbwa wake ni mkali? Kama alikwisha muuma mtu mwaka jana na majirani wakalalamika, mwenyewe hawezi kusema hakujua. Wengine hutundika kibao, "Mbwa Mkali", wakadhani wamemaliza. Kibao hakimsaidii mtoto wa miaka minne, hajui kusoma. Tena ukifika mahakamani kibao hicho hicho kinaweza kuwa ushahidi kwamba ulijua.

Na yule mbwa wa mwaloni ambaye "si wa mtu"? Anayemlisha kila jioni na kumwacha alinde nyavu zake usiku, sisi tunaona huyo ndiye mwenyewe, hata akikana mara mia. Majirani wanajua.

Kuna pia Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutolewa taarifa serikalini. Kumficha mbwa mgonjwa, au kumpeleka usiku kwa shemeji yako kijiji cha pili, ni kupeleka kifo kwa shemeji. Halmashauri nazo huweza kutunga sheria ndogo juu ya mbwa. Ulizeni kwa mtendaji wa kata sheria ndogo za kwenu zinasemaje juu ya kuwafunga mchana.

Gharama za safari na sindano huumiza familia. Mzee mmoja mwenye busara anaweza kuwakalisha pande mbili, na mwenye mbwa akalipa bila kesi. Hilo ni zuri. Lakini andikeni mlivyopatana, nani analipa nini na lini, na kila mmoja atie sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Msipopatana, nendeni polisi mkachukue fomu ya PF3, baada ya kuosha jeraha.

Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kisiwani Pemba walianza kampeni za kuchanja mbwa mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikwisha. Mwaka 2016 ulirudi. Wakachanja tena, ukatoweka. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita.

Bwana mifugo akikuchanjia mbwa wako, dai kadi. Soma mwenyewe kama ameandika tarehe, kisha iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto.