"Huo uraia wa dunia utamlisha mjukuu wangu?"

Mama mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, alinivuta pembeni msibani. Binti yake aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Mtoto sasa ana miaka miwili, na binti anataka kwenda chuo cha maendeleo ya wananchi.

"Cherehani naielewa," alisema. "Lakini anasema atajifunza na uraia, tena uraia wa dunia. Huo utamlisha mjukuu wangu?"

Ni swali la haki, kwa sababu ada itatoka kwenye kahawa na ndizi za kibanja chake.

Vyuo hivi, ambavyo wengi tunaviita FDC, vilianza mwaka 1975 enzi za Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden. Vya serikali sasa ni 54. Wazo lilitoka Skandinavia, ambako shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Denmark mwaka 1844 kwa vijana wa wakulima, wajifunze pia kuuliza na kuamua mambo yao. Kwetu Bukoba na Muleba, cha jirani ni Gera, wilayani Missenyi. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, mabinti waliokatishwa masomo na ujauzito wamepata nafasi ya kurudi darasani katika vyuo vya namna hii.

Sasa huo uraia wa dunia. Jina ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Chukua butura, ambayo kila nyumba ya Kagera inaijua hata kama haiitaji mbele ya wageni. Mtoto anaugua au karo imefika, baba anauza kahawa ikiwa bado maua. Mchuuzi anataja bei, fedha inapokelewa usiku, na msimu ukifika familia inachuma mali ya mtu mwingine. Bei ya robusta yetu hufuata soko la London, na wanunuzi wa huko wanaangalia mvua ya Vietnam na Brazil kama sisi tunavyoangalia mawingu ya ziwani. Kujua hivyo hakuondoi butura, nisidanganye. Mwenye shida ya leo atauza leo. Ila binti anayeweza kupiga hesabu ya hasara mbele ya baba yake, kwa adabu, amebadilisha mazungumzo ya nyumba ile.

Au kumbuka Machi 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini na watu 6 wakafariki. Ugonjwa una jina la mji wa Ujerumani, ambako wafanyakazi wa maabara waliugua mwaka 1967. Kwetu ulileta swali la nyumbani kabisa: je, tutamzika ndugu bila kumwosha? Hapo ndipo familia inahitaji mtu anayejua virusi havina kabila wala mpaka, na anayeweza kumweleza babu bila kumvunjia heshima.

Nilimshauri mama aende Gera na binti yake kabla ya kulipa chochote, aulize fani zilizopo, kama ada hulipwa kwa awamu, na kama kuna mahali pa kulea watoto.

"Na kama hakuna?"

Alifikiri kidogo, akafunga khanga yake vizuri.

"Basi atabaki na mimi. Hata mimi nililelewa na bibi."