Macho Manne Mbele ya Karatasi Moja: Misingi ya Uchoraji kwa Mazoezi ya Wawili Wawili

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika Wilaya ya Tanga, aliuona katika misitu ya Usambara mmea mdogo wenye majani manene yenye vinyweleo na maua ya rangi ya urujuani. Mmea huo ulipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover, akautangaza kuwa wa jenasi mpya, akauita Saintpaulia ionantha. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la Gartenflora, yakiandamana na picha ya rangi. Tangu wakati huo ua hilo limesambaa katika nyumba za watu duniani kote, na Wajerumani hadi leo hulitaja kwa jina la Usambara. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia mmea huu katika jenasi ya Streptocarpus. Jina, basi, limebadilika. Lakini picha ya mwaka 1893 bado yamwonyesha msomaji ua lile lile.

Nyuma ya michoro ya namna hii aghalabu huwapo watu wawili. Mmoja ni mtaalamu wa mimea, ajuaye ni sehemu ipi inayotofautisha spishi moja na nyingine. Wa pili ni mchoraji, mwenye mkono uliozoezwa. Mchoraji huchora, mtaalamu hukagua. Mchoraji naye humwuliza mtaalamu juu ya jambo aliloliona ambalo halimo katika maelezo. Kazi kubwa iitwayo Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikieleza zaidi ya spishi 12,000 za mimea ya Afrika Mashariki, imejaa michoro ya mistari ya aina hiyo.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kamera ipo, mchoro ni wa nini? Kamera hupokea kila kitu kwa usawa, pamoja na kivuli kilichoifunika sehemu iliyohitajika. Mchoro huchagua. Tena, mwenye kupiga picha aweza kuondoka bila kuwa ametazama, bali mwenye kuchora hawezi kuweka mstari pasipo kwanza kuamua unaanzia wapi na kuishia wapi. Ndiyo maana mwanafunzi wa biolojia hutakiwa kuchora kile anachokichunguza. Ushirikiano ule wa mtaalamu na mchoraji waweza kuhamishiwa darasani bila gharama yoyote, nao ndio njia ya hakika ya kujifunza misingi ya uchoraji, iwe kwa penseli au kwa kompyuta.

Kwa nini mtu mmoja hatoshi

Jicho la mwanadamu huona kwa ukamilifu eneo dogo sana. Katikati ya retina pana sehemu inayotambua mambo madogo madogo, nayo huchukua takriban digrii mbili tu, yaani kama upana wa kidole gumba kilichonyooshwa mbele kwa urefu wa mkono. Sehemu nyingine za mandhari huonekana kwa ukungu, na ubongo huzijaza kutokana na dalili na kumbukumbu. Jambo hili lafaa sana katika maisha ya kila siku, kwani mtu hahitaji kuhesabu majani ili aujue mti. Katika uchoraji lina hasara: mkono huchora kile ambacho akili inakijua, wala si kile kilichopo mbele ya macho.

Mwanafunzi akiombwa kuchora ua la Usambara, mara nyingi atachora petali tano zilizo sawa, kama nyota. Ua lenyewe si hivyo. Petali mbili za juu ni ndogo kuliko tatu za chini, na zote zimeungana kwenye shina lao. Katikati vinaonekana vifuko viwili vya chavua vya rangi ya njano. Na kijiti cha stigma hakikusimama katikati, bali kimepinda upande mmoja, kushoto katika maua fulani na kulia katika mengine. Mwanafunzi aliyechora nyota akiirudia kazi yake ili kuikagua, hataona kosa, kwa sababu akili iliyomwongoza kuchora ndiyo ile ile inayomwongoza kukagua. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwenziwe, ambaye hana kumbukumbu ya mkono uliochora, huliona kosa hilo mara moja.

Zoezi la kwanza: kusema na kuchora

Wanafunzi wawili huketi wakipeana migongo. Mmoja hushika ua au jani na kulieleza kwa maneno bila kulitaja jina lake. Wa pili huchora kwa kufuata maneno hayo tu. Baada ya dakika kumi mchoro huwekwa kando ya kitu chenyewe. Panapotofautiana, wawili hao hutafuta asili ya kosa: je, msemaji hakuona, au mchoraji alibuni? Kisha hubadilishana kazi.

Zoezi hili hufundisha upesi kwamba neno "kubwa" halina maana mpaka lilinganishwe na jambo jingine. Msemaji hulazimika kusema "urefu wake ni mara moja na nusu ya upana," au "ncha imeelekea chini." Ua la mharagwe, lipatikanalo kwa wingi katika mashamba ya Lushoto, lafaa sana kwa kazi hii: petali moja imesimama kama bendera, mbili zimekaa ubavuni kama mabawa, na zile za ndani zimejisokota. Maua ya porini yasing'olewe. Mimea kadhaa ya Usambara haipatikani ila katika maeneo madogo ya msitu, na misitu hiyo imepungua. Wachoraji na wakae chini karibu na mmea wachore pale ulipoota.

Zoezi la pili: kupima

Kipimo cha mchoraji ni penseli yake. Huishika wima, mkono ukiwa umenyooka na jicho moja limefumbwa, kisha huulinganisha urefu wa sehemu moja ya kitu na sehemu nyingine. Siri ya kipimo hiki ni kwamba umbali kati ya jicho na penseli usibadilike. Kama penseli ilikuwa sentimita 60 kutoka kwenye jicho, na kiwiko kikakunjwa kidogo hata umbali ukawa sentimita 54, kipimo cha pili kitapungua kwa asilimia 10. Apimaye hatambui kuwa amekunja kiwiko. Kazi ya mwenziwe ni kukiangalia kiwiko hicho.

Kwa zoezi hili chungu cha udongo chatosha. Mdomo wa chungu ni duara, na kwa kuwa akili yajua kuwa ni duara, mwanafunzi huuchora mviringo kupita kiasi. Lakini akitazamaye kutoka pembeni huona duaradufu. Macho yakiutazama mdomo huo kwa mteremko wa digrii 30, kimo cha duaradufu huwa nusu ya upana wake, kwa sababu sine ya digrii 30 ni nusu. Hapo mwalimu wa hisabati na mwalimu wa sanaa wanakutana. Mmoja wa wanafunzi akadirie uwiano huo kwa macho, mwingine aupime kwa penseli, kisha walinganishe.

Tahadhari moja yahitajika. Ikiwa chungu kiko mita mbili mbele, na mwenzi ameketi nusu mita pembeni, yeye anakitazama kutoka upande uliogeuka takriban digrii 14. Anaona chungu kingine, tuseme. Kwa hiyo asimsahihishe mwenzake kutoka kwenye kiti chake mwenyewe; sharti ainuke, akae mahali alipokaa mchoraji, ndipo aseme.

Zoezi la tatu: nuru na kivuli

Jicho halipimi mwanga kama chombo cha maabara kipimavyo, hulinganisha. Mwaka 1839 Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, alionyesha kwamba rangi moja huonekana tofauti kwa kutegemea rangi iliyo jirani yake. Mwaka 1995 Edward Adelson wa Marekani alichora ubao wa miraba ambamo miraba miwili yenye weusi ule ule kabisa huonekana mmoja mweusi na mwingine mweupe, kwa kuwa mmoja umewekwa kivulini.

Dawa yake ni kipande cha karatasi ngumu chenye matundu mawili madogo. Kikishikwa mbele ya jicho, tundu moja likionyesha ubavu wa chungu na la pili likionyesha ukuta ulio nyuma, ujirani unaodanganya huondoka, na mtu huona bayana ni upi ulio mweusi zaidi. Wanafunzi wachore kwanza ngazi tano, kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho wa penseli. Kisha kila mmoja, bila kumwonyesha mwenzake, aandike namba ya ngazi kwa kila sehemu ya chungu. Namba zikihitilafiana, matundu mawili yatakuwa mwamuzi.

Umbali na hewa: mandhari ya Irente

Mambo haya yote yaweza kutazamwa kwa upana wake Irente, kilomita chache kutoka mjini Lushoto. Pale mlima unakatika ghafla, na tambarare iko karibu mita 1,000 chini, pamoja na mashamba ya mkonge ya upande wa Mazinde. Miamba ya karibu ni ya kijani na kahawia iliyokolea. Vilima vya mbali ni vya buluu hafifu, na vile vya mwisho hukaribia kufanana na mbingu.

Kinachoonekana hapo ni hewa yenyewe. Mwaka 1871 mwanafizikia wa Kiingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba molekuli za hewa hutawanya mwanga wa mawimbi mafupi zaidi ya ule wa mawimbi marefu, kwa kadiri ya kipeo cha nne. Mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko mwekundu wa nanomita 650. Hivyo, kati ya mtazamaji na kilima cha mbali hujipenyeza mwanga wa buluu usiotoka kwenye kilima, nao huufunika weusi wake. Vumbi na ukungu hutawanya rangi zote, na kuyafanya mambo ya mbali kuwa meupe. Kwa mchoraji kanuni ni fupi: kadiri kitu kiendavyo mbali, ndivyo tofauti kati ya nuru na kivuli ipunguavyo. Kabla ya kuchora, kila mmoja wa wawili hao aorodheshe vilima kuanzia kilichokolea hadi kilichofifia, kisha walinganishe orodha zao.

Kutoka karatasini hadi kwenye kioo

Uchoraji wa kidijitali haufuti misingi hii. Kioo cha simu au cha kompyuta kimegawanyika katika vitone viitwavyo pikseli, na kila pikseli hutoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kwa kawaida kila mwanga una ngazi 256, hivyo michanganyiko yake ni 256 mara 256 mara 256, yaani 16,777,216. Rangi za kioo huchanganyika tofauti na rangi za kopo: mwanga mwekundu ukijumlishwa na wa kijani hutoa njano, ilhali rangi za kopo kila zikichanganywa huelekea kwenye weusi.

Faida kubwa ya chombo hiki kwa watu wawili ni tabaka. Programu za uchoraji, kama vile Krita ambayo hupatikana bila malipo, humruhusu mtu kuchora juu ya tabaka jipya bila kuligusa la chini. Mkaguzi aweza kuweka masahihisho yake juu ya kazi ya mwenziwe, na mwenye kazi akayaonyesha na kuyaficha apendavyo, huku mchoro wake ukibaki salama. Programu hizo pia huweza kuigeuza picha iwe ya weusi na weupe tu, ili ngazi za mwanga zikaguliwe. Na huweza kusoma rangi kwa namba, ili mmoja akisie na mwingine athibitishe. Ila ikumbukwe kwamba namba iliyosomwa kutoka kwenye picha ya kamera ni namba ya picha, si ya ua.

Shule isiyo na vyombo hivyo haikunyimwa kitu cha msingi. Karatasi nyembamba ya kunakilia, ikiwekwa juu ya mchoro, hufanya kazi ile ile ya tabaka.

Adabu ya kusahihishana

Mazoezi haya hufaulu au kuharibika kwa namna wawili hao wanavyosema. Kauli "mchoro wako mbaya" haina habari ndani yake, nayo humfanya mwenziwe ajitetee. Kauli "kikonyo ulichochora ni nusu ya urefu wa jani, na hapa napima robo" yaweza kuthibitishwa au kukanushwa na mtu yeyote mwenye penseli. Kila kosa litajwe pamoja na kipimo chake. Na mchoraji asikubali kwa heshima tu, bali apime mwenyewe. Ikiwa mkaguzi ndiye aliyekosea, na hilo liandikwe.

Huo ndio utaratibu wa sayansi yote: hakuna aaminiwaye kwa kuwa ameona, mpaka mwingine naye aone. Katika misitu ya Usambara, ambako mmea waweza kuota bonde moja tu na kutoweka pamoja na miti inayouvika kivuli, mchoro sahihi uliokaguliwa na macho manne waweza kuwa ushahidi wa mwisho kwamba mmea huo ulikuwapo, na jinsi ulivyokuwa.